Jibu: Mafaili ya Kiingereza, wanafunzi 55, Kisauni, Mombasa

Mwalimu, umeuliza utamalizaje kusahihisha mafaili ya kazi za Kiingereza za wanafunzi 55 bila kukesha. Piga hesabu: dakika 10 kila faili ni dakika 550, zaidi ya saa 9. Usiyarundike wikendi, sahihisha 11 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Kinachowamaliza walimu ni kuhifadhi kila karatasi kwenye faili. Mwanafunzi achague kazi mbili, insha moja ikiwa na rasimu yake ya kwanza, aandike tarehe mwenyewe. Wewe pima vigezo viwili tu kila awamu, mfano mpangilio wa aya na nyakati za vitenzi. Ukizungushia wino kila kosa, mtoto hasomi hata moja. Na mafaili yasikae sakafuni, unyevu wa pwani huyaotesha ukungu. Mwalimu mkuu akidai zaidi, mwonyeshe hizo dakika 550 kwa maandishi.