Maswali ya kikapu: "Kule wanagawana dola milioni, mwanangu ataingia lini?"

Tangu ile gemu ya vyuo vya Marekani, Michigan kuipiga Gonzaga 101 kwa 61 kule Las Vegas ianze kuzunguka kwenye magrupu, maswali yanayoingia hapa ni ya hela tu. Hakuna anayeuliza tena maumivu ya goti wala namna ya kutoka kwenye presha ya full court. Sawa, leo tuongelee hela. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

Habari za kazi kaka. Nina kijana wa miaka 17 ana futi 6 na inchi 7 na bado anarefuka, kitanda tumeunganishia benchi miguuni. Kuna mtu ananitumia meseji WhatsApp anasema yeye ni skauti, kwamba timu za vyuo Marekani kila moja inapewa dola milioni 1 kwenye mashindano ya Las Vegas na mwanangu akiingia chuo anapata mgao wake, ila nitume laki 4 na nusu ya fomu kabla ya Ijumaa. Ni kweli au natapeliwa? Mama wa Tabata

Shikamoo mama. Hiyo laki 4 na nusu usiitume.

Shida ya hawa watu ni kwamba nusu ya maneno yao ni kweli, na hiyo nusu ndo inawakamatisha wazazi. Mashindano yapo kweli, yanaitwa Players Era, yalianza Novemba 2024 Las Vegas na timu 8, kila timu ikaahidiwa dola milioni 1 kwa ajili ya wachezaji wake, Oregon wakawafunga Alabama fainali. 2025 wakaongeza mpaka timu 18, Michigan wakabeba, na bingwa alikuwa na milioni nyingine juu. Yapo na mengine, College Basketball Crown, hayo yalichezwa mwaka 2025 hapo hapo Las Vegas, timu 16, bingwa dola 300,000, wakachukua Nebraska. Kwa hela yetu, tukisema dola ni kama 2,500, ile milioni ni bilioni 2 na nusu. Hata ukiigawa sawa kwa wachezaji 15 (haigawanywi sawa, staa anavuta zaidi) kila mtu anaondoka na kama milioni 165 kwa wiki moja ya kucheza. Kwahiyo nakuelewa kabisa ulivyokosa usingizi.

Sasa nusu ya pili, ambayo skauti wako hajakwambia. Kule sheria ya vyuo bado haitaki mchezaji alipwe eti kwa sababu ameshinda. Ile hela kwenye makaratasi inaandikwa kwamba ni malipo ya kutumia jina lake na sura yake, yaani amepiga picha ya tangazo, amerekodi video, amesaini jezi, amekutana na mashabiki. Wenyewe wanaiita NIL, na imeruhusiwa tangu tarehe 1 Julai 2021. Sasa ukishasema mtu analipwa kwa kufanya tangazo, maana yake umesema anafanya kazi, na hapo ndo kijana wa Tabata anakwama maana mwanafunzi wa kigeni anaingia Marekani kwa viza ya F-1 na viza hiyo inambana sana kwenye kufanya kazi. Mwenzake wa Chicago aliyekaa naye benchi moja anaweza kuchukua mpunga bila wasiwasi, yeye akichukua kizembe anahatarisha viza na masomo yote.

Mfano wa karibu kabisa na sisi ni Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, Mkongo. Mwaka 2022 alikuwa ndo mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, yuko Kentucky, makampuni yanamtaka, na bado hakuweza kusaini vile wenzake wanavyosaini. Walichofanya, timu iliposafiri kwenda Bahamas kucheza mechi za maandalizi Agosti mwaka ule, mambo yake ya biashara akayafanyia kule kule Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa taifa, lakini hela yake mpaka aifuate kwa boti! (Walienda kwa ndege, natania.) Siku hizi kuna vyuo vimetafuta njia nyingine kupitia wanasheria, lakini hiyo ni kazi ya wanasheria wa chuo, haifanywi na mtu wa WhatsApp.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi mama. Desemba 2025 Marekani iliiongeza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia, na viza za wanafunzi zimo ndani, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kwahiyo mtu anayekuahidi safari leo muulize viza anaitoa wapi yeye. Hali yenyewe iulizie ubalozini pale Msasani au kwenye tovuti yao, kwa sababu mambo haya yanabadilika na usitegemee story za kijiweni, hata hizi zangu zihakiki.

Nimeiangalia ile skrinishoti uliyotuma. Picha ya profaili ni tai wa Marekani, jina limeandikwa "Coach USA NCAA" (NCAA ndo wasimamizi wa michezo ya vyuo kule), halafu namba inaanza na 255 na hela anataka itumwe kwenye namba yenye jina la mtu mwingine kabisa. Kocha wa chuo cha kweli anakuandikia kwa imeili ya chuo, anaomba video za mechi nzima sio dunk peke yake, anaomba matokeo ya NECTA, na mzazi hamlipi yeye chochote. Zipo gharama halali, ada ya usajili wa NCAA kuhakiki vyeti, ada ya viza, lakini hizo unalipa mwenyewe kwenye tovuti zao. Na chuo kikimkubali kijana kinatoa fomu inaitwa I-20. Hakuna I-20, hakuna safari, na hakuna fomu ya laki 4 na nusu inayotangulia I-20.

Kijana aendelee kukomaa. Inchi hizo hazimkimbii.

Bro mambo. Mimi nacheza mabonanza ya mtaani, wikiendi iliyopita tumebeba kombe na laki 6 tukagawana. Mtu kaniambia nikichukua hela hata buku nimeshaharibu ndoto ya college. Kweli? Mdau wa Temeke

Poa mzee. Mmegawana laki 6 wangapi, kumi? Hiyo elfu 60 ni nauli, jezi, maji na bamia za nyumbani. Kanuni waliyoishikilia kule miaka mingi ilikuwa kwamba kabla hujaanza chuo unaweza kupokea zawadi ya mashindano ilimradi isizidi gharama zako halisi za kushiriki, kwahiyo mtu wa Temeke mwenye risiti za daladala yuko salama tu. Ila andika! Tarehe, mashindano gani, umepata ngapi, umetumia ngapi, maana utajaza fomu ya kuulizwa hayo hayo na ukidanganya ndo unakuwa na kesi.

Na hata hiyo kanuni imeshaanza kupigwa. Kuna dada wa tenisi wa North Carolina, Reese Brantmeier, alicheza US Open 2021 akiwa bado sekondari, akapata karibu dola 49,000, wakamsumbua kuhusu hela hiyo alipofika chuo, 2024 akawapeleka NCAA mahakamani. Kwenye kikapu ndo wamelegea kabisa siku hizi, Thierry Darlan wa Afrika ya Kati kacheza G League (ligi ndogo ya NBA) kwa mshahara halafu Santa Clara wakampokea, James Nnaji wa Nigeria alichaguliwa kwenye draft ya NBA (siku timu zinapochagua wachezaji wapya) 2023 na Desemba 2025 akaingia Baylor. Kinachoweza kukuharibia sio elfu 60, ni kusaini karatasi ya mtu anayejiita wakala wako inayosema anakula asilimia ya hela zako zote za mbeleni. Hiyo usisaini hata akikununulia raba.

Naomba kujua Hasheem Thabeet alilipwa bei gani alipokuwa chuo cha UConn. Tunabishana kijiweni Kinondoni, mmoja anasema dola elfu 50 kwa mwezi.

Huyo wa elfu 50 alipe soda za kijiwe kizima. Hasheem, mtoto wa Dar, kacheza UConn 2006 mpaka 2009, akawafikisha Final Four (nne bora ya vyuo), na alichopata ni skolashipu: ada, chumba, chakula, vitabu. Mkwanja wake ulianza Juni 2009 alipochukuliwa namba 2 kwenye draft na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry (najua mtabishana na hilo pia, endeleeni).

Na hata ile fidia ya dola bilioni 2.8 ambayo jaji Claudia Wilken aliipitisha Juni 2025, kulipa wachezaji wa zamani waliobaniwa, inaanzia waliocheza mwaka 2016. Kizazi cha Hasheem hakimo. Aliyeanzisha vita yenyewe ni Ed O'Bannon, bingwa wa 1995 na UCLA, aliona mchezaji anayefanana naye kwenye gemu ya video, jezi yake, kipara chake, yeye hapati hata senti, akafungua kesi 2009. Akashinda 2014, ila hela kubwa wanakula wadogo zake.

Anko, mimi ni mzazi wa binti. Hizo hela ni za wavulana tu?

Hapana ndugu yangu, ila mizani haiko sawa. Novemba 2025 Players Era walifanya na ya wanawake, timu 4 tu: Texas, South Carolina, UCLA na Duke, kila moja dola milioni 1 vilevile, Texas wakashinda fainali 66 kwa 64. Kwenye March Madness (mashindano makubwa ya vyuo ya kila Machi) wanaume wamekuwa wakiziletea ligi zao hela kwa kila mechi wanayocheza kwa miaka mingi, wanawake wameanza kupata mfumo huo 2025. Na vyuo vilivyoruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja tangu Julai 2025, mwaka wa kwanza mwisho ulikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, vingi vinafuata hesabu ya asilimia 75 kwa futiboli ya kwao, 15 kikapu wanaume, 5 kikapu wanawake. Mwenyewe naona ni uonevu, sina la kuongeza hapo. Ila skolashipu ya binti ni kamili kama ya mvulana, na binti mrefu anayejua kukaba anatafutwa sana. Zile habari za viza nilizomwambia mama wa Tabata zinakuhusu na wewe.

Sisi tunacheza timu ya chuo hapa hapa Dar. Tukienda mashindano tunarudi na cheti na soda. Kwanini Bongo tusianzishe ya pesa kama Players Era? Point guard mwenye njaa

Point guard, njaa yako naiheshimu. Ila angalia hela yao inatoka wapi. Mkataba wa kuonyesha March Madness peke yake waliuongeza mpaka 2032 kwa dola bilioni 8.8. Yaani kuna mtu amekaa kwenye kochi Ohio anaangalia, tangazo la bia linapita katikati, ndo hapo hela inapozaliwa. Sisi mechi ya vyuo ukienda unakuta mashabiki ni mademu wa wachezaji na mlinzi, kamera ni simu ya mtu yenye chaji asilimia 12.

Lakini haimaanishi haiwezekani. Sprite Bball Kings ilifanyika hapa mjini, bingwa milioni 10, na watu walijaa. Milioni 10 kwa wachezaji 12 ni kama laki 8 kwa kichwa, kwa mwanachuo wa Dar hiyo ni kodi ya geto ya miezi kadhaa, sio hela ya kuchekwa. Mechi nne nzuri pale JMK Park Kidongo Chekundu usiku, taa zimewashwa, dj mzuri, live kwenye YouTube, mdhamini mmoja wa vocha au maji, inalipa.

Ninachokushauri mkianza: kabla mpira haujarushwa muwe na karatasi moja imesainiwa, inasema bingwa anapata ngapi, mchezaji wa akiba anapata ngapi, inalipwa siku gani na inaingia kwenye namba ya nani. Mwenye ada anayodaiwa chuoni ilipwe ada yake moja kwa moja kwa control number. Na mtunza hela asiwe kocha.