Muulizeni analalaje

Swali la wiki hii mmeuliza: "Ndugu yako akitibiwa sonona, utajuaje kwamba anapona?" Sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mimi natazama usingizi wake kwanza.

Dada yangu tumemuuguza nyumbani. Dawa zilipomkolea alirudi kula, akawa anasuka tena wateja wake barazani, na majirani wakatupa pongezi. Lakini kila ikifika saa tisa usiku nilikuwa nasikia komeo la mlango wa uani. Anatoka, anajifunika kanga, anakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka waadhini alfajiri. Kliniki walimuuliza kama anakula na kama anameza dawa. Usingizi haukutajwa.

Kuamka usiku wa manane na kushindwa kulala tena ni dalili kongwe ya sonona, na hata ubongo wenyewe huionyesha. Mtu mzima mwenye afya akilala na vipimo vya umeme wa ubongo kichwani, huchukua kama dakika 90 kufikia usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Wagonjwa wengi wa sonona huufikia upesi zaidi, na ule usingizi mzito wa mawimbi ya polepole huwapungua. Daktari David Kupfer wa Marekani aliandika habari hiyo mwaka 1976. Kwa hiyo mtu anaweza kuhesabiwa saa saba kitandani na bado akaamka amechoka kweli, si mvivu.

Cha ajabu, kuwakesheza wagonjwa wa sonona usiku mmoja hospitalini huwapa nafuu karibu nusu yao, ila wengi wakilala tu, huzuni inarudi. Jamani, hilo msilijaribu nyumbani. Wapo ambao kukesha huko huwachochea wazimu wa furaha iliyopitiliza.

Linalonipa matumaini ni jingine. Mwaka 2008 Rachel Manber na wenzake, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 30 wenye sonona na kukosa usingizi. Wote walipewa dawa ya sonona. Baadhi wakaongezewa mafunzo ya kulala. Katika hao walioongezewa, asilimia 62 hivi walipona. Kwa wengine ilikuwa 33. Wagonjwa ni wachache, lakini tofauti hiyo siwezi kuipuuza.

Mafunzo yenyewe hayana gharama ya vifaa: panda kitandani ukisinzia tu, usingizi ukigoma inuka, na amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Hapo ndipo jamaa tunapopata kazi. Kumwamsha saa kumi na mbili mtu uliyemsikia akihangaika usiku kucha kunauma roho. Lakini usingizi wa mchana humnyang'anya ule wa usiku.

Vidonge vya usingizi msiende kujinunulia duka la dawa. Chukueni daftari, andikeni saa anayolala na saa anayoamka, mpelekeni nalo kliniki, na mlitoe hata kama hamjaulizwa.