Maswali Yenu: Picha ninazo kibao, maneno ndo shida

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nachora, rangi za mafuta zaidi na penseli kidogo, nataka kufungua websaiti yangu binafsi ya sanaa. Niweke kazi zangu na pia niandike kuhusu wachoraji ninaowapenda, kina Leonardo da Vinci na Picasso. Sasa nianze na maneno au picha? Na hiyo sehemu ya "kuhusu mimi" kila nikiandika naifuta.

JIBU: Salama kabisa. Anza na picha. Ukianza na maneno utaandika weee, halafu ndo uanze kuhangaika kutafuta picha za kujazia nafasi. Kusanya kazi zako zote kwenye folda moja uchague kumi na tano, ishirini hivi, zile ambazo ukimwonyesha mtu huna haja ya kujitetea. Kuacha zingine kunauma, najua, ila mtu akikuta nzuri nyingi na mbovu mbili tatu, mbovu ndo zinambaki kichwani.

Ukishachagua chukua daftari, kila picha iandikie maelezo yake hapohapo: jina la kazi, mwaka, umetumia rangi gani juu ya nini, na vipimo. Vipimo ndo watu wengi wanasahau na mi naona ndo muhimu kupita vyote, kwa sababu skrini inafanya kila kitu kiwe saizi moja. Mona Lisa ya Leonardo ina sentimita 77 kwa 53 tu, Guernica aliyoichora Picasso mwaka 1937 ina karibu mita 3.5 kwenda juu na 7.8 kwa upana, yaani ukuta mzima, lakini kwenye simu zote mbili zinaenea kiganjani na anayeangalia hajui kama hiyo ya pili ingemmeza. Kwa hiyo andika vipimo, kimo kwanza halafu upana, na kwa kazi chache ongeza picha mbili: moja kazi ikiwa ukutani karibu na kiti au mtu, nyingine ya karibu kabisa hadi alama za brashi zionekane.

Maneno yaseme kile ambacho picha haiwezi kusema. Usiniandikie "mchoro huu unaonyesha huzuni", huzuni nitaiona mwenyewe kama ipo, niambie kwa nini ulipaka kijani chini kabla ya rangi ya ngozi, au kwa nini uliacha kona moja bila kumalizia, hapo nitasoma mpaka mwisho. Na "kuhusu mimi" usiiandike kwanza, iongee! Washa rekoda ya simu umweleze rafiki unachora nini na ulianzaje, kisha andika ulichosema, aya mbili fupi zinatosha.

Kupiga picha za kazi: mwanga wa dirishani usio wa jua la moja kwa moja, flashi zima, kamera iwe sambamba na mchoro, na kama una kioo mbele kitoe. Faili la asili litunze, la kwenye saiti lipunguze, upande mrefu pikseli 1600 mpaka 2000 na uzito usizidi nusu MB, la sivyo mwenye bando dogo ataondoka kabla haijafunguka. Zile dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) unazosikia watu wakizitaja ni habari za kuchapa kwenye karatasi, skrini inahesabu pikseli. Halafu kila picha iwekee sentensi fupi ya kuielezea, ile inayosomwa kwa sauti na programu wanazotumia wasioona, jamani hawa nao wanapenda sanaa.

Sasa hao wachoraji wako. Leonardo alifariki 1519, kazi zake hazina hakimiliki tena, na makumbusho kama Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York yanatoa bure picha nzuri za kazi nyingi za zamani. Picasso amefariki 1973, na nchi nyingi zinalinda kazi mpaka miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo usichukue picha zake tu ukabandika. Andika unavyomwona, halafu weka linki ya makumbusho ya Reina Sofía kule Madrid ambako Guernica ipo. Kazi zako ulizouza kwa kawaida bado unaweza kuzionyesha, maana mnunuzi amenunua mchoro, siyo hakimiliki, isipokuwa kama mliandikiana vingine. Ila watu uliowachora sura zao, waulize kwanza.