Anwani ni ya Seattle, lakini jiji halinijui

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaishi Skyway, jimbo la Washington, huu mwaka wa sita. Mama anakuja kuishi nasi na magoti yake hayapandi ngazi tena, kwa hiyo nataka kuigeuza gereji iwe nyumba ndogo yenye chumba, choo, jiko na mlango wake. Nilibeba mchoro niliochora mwenyewe hadi ofisi ya vibali ya jiji. Dada wa dirishani akaingiza anwani yangu kwenye kompyuta, akaniambia kwa upole, "Hapa si kwenu." Barua zangu zote zimeandikwa Seattle! Sasa kwetu ni wapi? Jirani anasema kwa kuwa hatuna meya, nijenge tu.
Baba wa Watatu, Skyway

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo jirani msikilize kwa mengine yote, ila kwa hili usimfuate.

Anwani ndiyo iliyokupoteza, na si wewe wa kwanza. Posta hugawa barua kwa njia zake. Ikiandika Seattle mbele ya namba ya posta 98178 haijali mpaka wa jiji umepita wapi. Skyway haimo Seattle, wala Renton, mji wa jirani. Mwaka 2012 wakazi wenyewe walipiga kura kama waingizwe Renton, wakakataa. Watu karibu robo milioni wanaishi hivyo katika Kaunti ya King, kwenye ardhi isiyo ndani ya mji wowote. Meya hamna, kweli, lakini yatima hamjawa: serikali yenu ya mtaa ni kaunti yenyewe, na mlango wako ni kitengo cha vibali cha Idara ya Huduma za Mitaa.

Karatasi zao utazitambua kwa nembo ya uso wa Martin Luther King. Mwaka 1852 kaunti ilipewa jina la William Rufus King, mwanasiasa aliyemiliki watumwa. Mwaka 1986 madiwani wakaamua jina libaki lilelile ila heshima ihamie kwa mchungaji. Kisa hiki nakipenda kuliko kifungu chochote cha sheria ya ujenzi.

Fungua ramani ya viwanja ya kaunti mtandaoni, andika anwani yako. Itakupa namba ya kiwanja yenye tarakimu 10. Iandike nyuma ya mlango, maana kila atakayekuhudumia ataiuliza kabla ya kukuuliza jina. Ramani hizo za kaunti zitakuonyesha pia kama kiwanja kina mteremko mkali, kijito au ardhi oevu. Skyway ni kilima, usiruke hatua hii: mteremko unaweza kukudai ripoti ya mtaalamu wa udongo kabla hujagusa tofali.

Sasa penye kazi. Watu hudhani kibali ni kimoja. Cha ujenzi utakipata kaunti. Mabomba ya choo na jiko, pamoja na gesi, ni ya idara ya afya ya umma. Umeme si wa kaunti kabisa, ni wa jimbo, kwenye Idara ya Kazi na Viwanda. Na mbele ya hayo yote utatakiwa hati kutoka kwa wilaya ya maji na majitaka inayokuhudumia, kwamba nyumba ya pili kwenye kiwanja itapata maji na pa kumwaga. Hati hii inaombwa kwingine kabisa, na wengi huikumbuka wakati ombi limeshakwama. Wewe anza nayo.

Ombi la ujenzi hutumwa mtandaoni, kupitia MyBuildingPermit. Kiingereza kikikuchosha, omba mkalimani wa Kiswahili, kaunti haikutozi.

Mchoro wako nauheshimu, lakini wanataka mchoro wa kiwanja uliopimwa: kila jengo, umbali wa kila ukuta hadi mpaka, mahali gari litakapohamia. Halafu michoro ya ndani, na hapo gereji ina siri zake. Chukua gololi ya mtoto uiweke katikati ya sakafu. Itabingirika kuelekea mlango mkubwa, kwa sababu sakafu ya gereji huinamishwa makusudi ili maji ya gari yatoke. Mama mwenye magoti mabovu hawezi kulala kwenye mteremko, kwa hiyo onyesha kwenye mchoro jinsi utakavyoisawazisha, na sufi ya kuhifadhi joto utaiweka wapi, maana gereji nyingi hazina.

Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha la kutokea moto ukiwaka. Kwa chumba kilicho usawa wa ardhi, uwazi wake likifunguliwa usipungue futi za mraba 5, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Chukua utepe wa kupimia, pima inchi 44 ukutani, kisha msimamishe pale mtu wa umri wa mama yako. Ni kifuani! Sheria imeridhika, magoti hayajaridhika. Lishushe.

Na usifunike kitu kabla ya mkaguzi kukiona. Hili nalisema kwa aibu. Miaka ile tuligeuza gereji ya shemeji yangu, mimi na yeye, tukitaka kuwahi sikukuu. Usiku tukapiga bodi zote za jipsamu, ukuta ukawa mweupe, tukapiga na picha. Asubuhi mkaguzi akaja na tochi yake. Hakugomba. Aligonga ukuta kwa vidole, akasema, "Siwezi kuona waya nyuma ya hii," akarudi kwenye gari. Tulizitoa bodi 14, skrubu moja moja, na tano zikavunjika mikononi. Chakula cha sikukuu tulikila kwenye vumbi. Kwa hiyo msingi hukaguliwa kabla ya zege. Fremu, mabomba na nyaya kabla ya sufi. Sufi kabla ya bodi.

Ukimwajiri mkandarasi, muulize namba yake ya usajili, uihakiki kwenye tovuti ya Idara hiyohiyo ya Kazi na Viwanda. Akianza kukueleza kwa nini hana, mshukuru kwa kuja.

Ukimfuata jirani, malalamiko ya mtu mmoja tu yatatosha kumleta afisa wa kaunti. Utaomba kibali ukiwa umeshajenga, na huenda ukafungua kuta ili zionekane. Bodi 14 zilinitosha.

SWALI: Fundi, mimi niko White Center, nje ya mpaka wa jiji. Nataka banda la vifaa vya bustani la futi 10 kwa 12. Nalo linaombewa kibali?
Dada wa Bustani

JIBU: Futi za mraba 120? Hapana, dada yangu. Banda la kuhifadhia vitu, lililosimama peke yake, la ghorofa moja, lisilozidi futi za mraba 200, halihitaji kibali cha ujenzi. Ila kusamehewa kibali si kusamehewa mpaka: umbali kutoka uzio wa jirani unabaki palepale, na upime kutoka ukingo wa paa vilevile, usiishie ukutani. Ukivuta umeme, hata wa taa moja, hicho ni kibali cha jimbo. Na kama nguzo zitachimbiwa, piga 811 siku mbili za kazi kabla, waje wakuwekee alama za rangi palipopita mabomba na nyaya. Hawatozi kitu.