Re: Nichukue vijana wa kujifunza au niajiri fundi aliyeiva?

Kaka, umeuliza kama uchukue vijana wawili wa kujifunza kwenye karakana yako ya kuchomelea mageti ya chuma hapo Katwe, Kampala, ama uajiri fundi aliyeiva, maana unaogopa wakishajua kazi watakukimbia na wateja. Mi nasema chukua. Fundi aliyeiva anakuja na bei yake na tabia zake, ukimwambia pima tena ananuna, lakini kijana uliyemfundisha mwenyewe anaweka skwea, kile kipimo cha kona mraba, kila kona bila kukumbushwa. Wangu wa kwanza miezi mitatu alikuwa wa grinda na brashi tu, kugonga slagi, yale magamba yanayobaki juu ya sehemu iliyochomelewa, na kupaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, halafu nilipompa mashine ya kuchomelea akamaliza vijiti vyangu vya kuchomelea ovyo mpaka nikajuta, ila mwaka uliofuata alifunga geti zima peke yake mi niko saiti Mukono napima madirisha.

Mwingine kweli aliondoka na mteja, iliniuma sana. Siku hizi tunaandikiana mkataba na mzazi, muda na pesa ya chakula, na kijana akiwa sawa nampeleka mtihani wa vitendo apate cheti cha Worker's PAS, kile cha Uganda cha ujuzi uliojifunza kwa vitendo kazini, hiyo wanaingoja hawatoki haraka. Ila barakoa ya kuchomelea nunua kabla hawajafika, kila mtu yake.