Kwa mnaoanza: mwanasayansi mwovu wa mchezo wa redio

Mgeni anayetuletea skripti yake ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi mara nyingi humwingiza mwanasayansi wake mwovu kwa kicheko. Kicheko kirefu, mlango unabamizwa, muziki unapanda. Mimi hukifuta kabla ya kusoma mstari wa pili. Redioni hakuna koti jeupe wala kovu shavuni, kuna sauti tu, na msikilizaji akishatangaziwa kwamba huyu ni mwovu hana tena haja ya kumsikiliza. Mtu huyu anatakiwa atushawishi. Abiria wa matatu ya Kisauni, hapa Mombasa, vipokea sauti masikioni, afike mahali aseme moyoni, "Lakini asema kweli huyu," kisha ashtuke kwamba amekubali.

Kwa hiyo anza na anachokitaka, na kiwe kitu cha haki. Chukua mbu. Chikungunya ilituingilia Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018, watu wazima wakashindwa hata kusimama wima kwa maumivu ya viungo. Mbu anayeieneza, Aedes aegypti, huuma mchana na hutaga kwenye mapipa na ndoo tunazojaza majumbani kwa sababu mifereji haitoi kila siku. Mpe Daktari wako, yaani huyo mwanasayansi mwovu, mama aliyeugua. Mpe maabara Tudor. Abuni mbu wa kuwamaliza mbu wenzake, na dawa hiyo ianze kufanya kazi. Halafu siku moja aamue kwamba mtaa mzima utajaribiwa bila kuulizwa. Uovu wake uko hapo, pale alipoacha kuomba idhini, na tukio hilo liandike polepole. Mzee wa mtaa amuulize, naye ajibu kwa adabu zote, swali baada ya swali, bila kupandisha sauti. Kurasa nne si nyingi kwa mazungumzo hayo. Ukiyaharakisha ili ufike kwenye mlipuko, umeutupa moyo wa mchezo.

Sayansi iwe sahihi mpaka pale unapoanza kubuni. Mbu jike ndiye anayeuma. Ukimpa dume kazi hiyo, mwanafunzi wa sekondari atazima redio. Katika joto letu yai huchukua kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu kamili, basi usijaze mji kwa usiku mmoja bila kutueleza Daktari amefanyaje. Tena sayansi hiyo hiyo inakupa sauti. Ule mlio wa mbu ni mabawa yakipigwa mara mia kadhaa kwa sekunde. Usogeze taratibu kwenye sikio la kushoto, Daktari akiwa bado anazungumza kwa upole, na hutahitaji radi.

Kwa waigizaji, nina mfano mmoja ninaoupenda sana. Mwaka 1975 Michael Wisher alipomwigiza Davros, mwanasayansi aliyewaunda Daleks, viumbe waovu wanaoishi ndani ya mashine, katika Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza ya bunilizi ya kisayansi, uso wake ulifunikwa na kinyago. Akafanya mazoezi amevaa mfuko wa karatasi kichwani, ili kila kitu kitoke kwenye sauti. Jaribuni hivyo. Baadaye Terry Molloy alimwigiza Davros pia katika michezo ya kusikiliza, na mfululizo wa michezo hiyo wa 2006 ukarudi nyuma mpaka ujanani mwa Davros. Mwandishi wetu naye aujue utoto wa Daktari wake, hata kama hautasikika hewani.

Mbele ya maikrofoni, sogea karibu Daktari anapokuwa hatari zaidi. Sauti huwa nzito yenyewe, huna haja ya kuikoroma. Geuza mdomo kidogo pembeni ili pumzi ya P na B isiipige maikrofoni. Na tafadhali, asikimbilie Kiingereza kila anapotaka kutisha. Mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, anayesema "Ndoo mwanangu, keti" (yaani njoo) huku sindano iko mezani anatisha vya kutosha.

Feni na friji zizimwe. Kunguru hatuwawezi, kwa hiyo matukio ya kunong'ona tunayarekodi usiku, baada ya isha.

Kabla hujatuletea skripti, msomee mtu asiyeijua hadithi ule ukurasa ambao Daktari anajitetea, umsomee huo tu. Akimpinga tangu sentensi ya kwanza, rudi ukauandike upya.