Maswali ya Wasomaji: Woshi Imegeuka Madoa

SWALI: Nimepaka woshi ya rangi ya mafuta (rangi iliyozimuliwa sana ili ijaze mistari na kuionyesha) kwenye modeli ya ndege ya kipimo cha 1/72. Badala ya kuingia kwenye mifuo, yaani mistari iliyochimbwa kwenye uso wa ndege, imesambaa bawa zima na kuacha madoa. Nikifuta, rangi ya chini nayo inatoka. Nimekosea wapi?

JIBU: Inaelekea makosa ni mawili. Uso usiong'aa una vinyweleo, hivyo hunyonya woshi kabla haijafika kwenye mfuo. Tena rangi yako ya chini inayeyushwa na kizimulio (kimiminika cha kuipunguza rangi uzito) kile kile cha woshi. Safari nyingine paka rangi ya akriliki, inayozimuliwa kwa maji, kisha vanishi ya akriliki inayong'aa, tabaka mbili nyembamba, na usiiguse kwa saa 24.

Kamulia rangi ya mafuta kidogo juu ya kadibodi, uiache nusu saa ili mafuta yake yanyonywe. Yakibaki, woshi huchelewa kukauka. Ndipo uizimue: sehemu 1 ya rangi kwa 10 za waiti spiriti, kizimulio cha rangi za mafuta. Chagua hudhurungi iliyokolea. Nyeusi tupu huifanya ndege ionekane imechorwa kwa kalamu. Gusa mfuo kwa ncha ya brashi namba 0, woshi itajivuta yenyewe. Ikikoma, gusa pale ilipokomea. Kupaka bawa zima ni kujitafutia kazi.

Futa baada ya dakika 20 hadi 30. Ukiwahi, utaizoa hata iliyomo mfuoni. Ukichelewa sana, utalazimika kusugua. Lowesha kijiti cha pamba kwa waiti spiriti, kikaushe kwenye karatasi mpaka kibaki na unyevu kidogo tu, halafu futa kwa kukatiza mfuo, kamwe usiufuate. Geuza kijiti kila mara. Upande mchafu hupaka upya.

Bawa lililoharibika liache siku kadhaa likauke kabisa, lipige msasa laini wa namba 2000 wenye maji, kisha ulipake upya.

SWALI: Mguu wa gurudumu umevunjika wenyewe siku moja baada ya woshi. Kwa nini?

JIBU: Waiti spiriti ilituama kwenye kiungo chenye plastiki tupu. Polistireni, plastiki ya modeli hizi, iliyopindwa au kuingizwa kwa nguvu ina mkazo ndani yake, na kiyeyushi kikipenya hapo plastiki hupasuka. Paka rangi na vanishi hadi ndani ya viungo, tumia tone moja tu la woshi, na nyonya linalozidi kwa brashi kavu.

Kwa vipande vyembamba zaidi sisi tungetumia woshi ya akriliki: maji, rangi, na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye matonetone. Hukauka kwa dakika chache, basi maliza kipande kimoja kabla ya kugusa kingine. Antena isafishe kwa brashi yenye unyevu. Nyuzi za pamba hunasa na kuing'oa.